Je, Wajua? Mimea Miwili ya Tanga na Maumivu ya Viungo

Je, wajua kwamba jongo, ambalo wengi siku hizi huliita gauti, hupenda kumvamia mtu usiku? Amelala mzima, alfajiri anaamka kidole gumba cha mguu kimevimba, kinawaka, na shuka likikigusa anapiga kelele. Watafiti wa Marekani waliofuatilia wagonjwa wa jongo walikuta hatari ya shambulio kati ya saa sita usiku na saa mbili asubuhi ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mchana.

Chanzo ni asidi ya uriki. Ikizidi miligramu 6.8 hivi katika desilita ya damu, huanza kuganda kuwa chembe zenye ncha kama sindano, na hupenda kugandia mahali penye ubaridi, ndiyo maana miguu huumia kwanza. Asidi hiyohiyo ndiyo ule weupe unaouona kwenye kinyesi cha mjusi wa ukutani. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja. Sisi tulikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita.

Sasa, mwambie mtu wa Tanga aache dagaa uone atakavyokuangalia! Ni kweli dagaa, maini, figo, bia na soda za sukari huongeza asidi hiyo. Lakini kwa wagonjwa wengi tatizo kubwa ni figo kushindwa kuitoa, na baadhi ya dawa huchangia, zikiwemo za presha za kukojoza na pirazinamaidi ya kifua kikuu. Maharage na mchicha, vinavyokatazwa bure na majirani, havikuonekana kuongeza mashambulio.

Je, wajua kwamba dawa ya jongo imo vichakani? Ukipita kwenye vichaka vya pwani wakati wa mvua utakutana na ua jekundu lenye kingo za njano, petali zake zimejikunja kuelekea juu na majani yake yana vikono vya kukwelea. Ni mkalamu, ua la taifa la Zimbabwe. Ndani yake mna kolkisini, kemikali ileile inayopatikana kwenye mmea wa surinjani ambao tabibu Ibn Sina aliueleza miaka elfu moja iliyopita. Kolkisini huzuia chembe nyeupe za damu zisikimbilie kwenye kiungo na kuwasha moto zaidi. Ila tafadhali, usichimbe! Mizizi yake hufanana na viazi vikuu vidogo, na waliokosea kuila wamekufa. Pengo kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua ni jembamba mno, hata kwa vidonge vya hospitalini.

Mwaka 1820, jijini Paris, wanakemia Pelletier na Caventou ndio waliochuja kolkisini. Mwaka huohuo waliichuja pia kwinini. Hapo Tanga inaingia tena: Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902, walipanda mikwinini, mmea wetu wa pili, na wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia magome yake yaliwapa askari wao dawa ya malaria. Kwinini ilifungua njia ya klorokwini, ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Ndugu yake, hidroksiklorokwini, bado ipo kazini: hupewa wenye magonjwa yanayoumiza viungo kama baridi yabisi na lupasi ili kupunguza mashambulio.

Si kila kiungo kinachouma na kurudia ni jongo. Chikungunya, iliyotambuliwa kwanza Newala mwaka 1952 na kuzuka Lamu na Mombasa mwaka 2004, huletwa na mbu wanaouma mchana, na maumivu yake huweza kurudi miezi mingi baada ya homa kwisha.

Shambulio la jongo huisha lenyewe kwa wiki moja au mbili, na hapo ndipo watu hudanganyika. Maumivu yakipoa, chembe za asidi bado zimo kiungoni. Alopurinoli, iliyotoka maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings, washindi wa Nobeli mwaka 1988, hushusha asidi hadi chini ya miligramu 6, lakini humezwa kila siku, hata siku ambazo huumwi. Huanzishwa kidogokidogo, na miezi ya mwanzo mashambulio yanaweza hata kuongezeka. Wengi huitupa hapo, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko sahani ya dagaa. Wanakimbilia diklofenaki ya duka la dawa, mwezi baada ya mwezi, na figo ndizo zinazolipa.

Na kiungo kimoja kikivimba ghafla pamoja na homa kali, usisubiri kipoe: nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani usaha ndani ya kiungo hukiharibu kwa siku chache tu.