Pwani Isiyo na Bahari

Nchi yetu haina bahari, lakini pwani inayo. Mtumishi aliyepewa likizo, awe askari, polisi au karani, aweza kuwachukua mkewe na watoto akaiona bila kuvuka mpaka. Ndiyo pwani ya Ziwa Kivu, lililo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, lenye ghuba, visiwa na miji mitatu.

Safari yafaa ianzie Rubavu, mji ambao wengi bado huuita Gisenyi. Kutoka Kigali kupitia Musanze ni mwendo wa saa tatu hadi nne kwa basi. Hapo pana ufuko wa mchanga, na mbele kidogo, huko Nyamyumba, chemchemi za maji moto. Ng'ambo ya mpaka ni Goma, chini ya Nyiragongo, mlima wa moto uliolipuka mwaka 2002 na tena 2021.

Barabara ya lami yapanda na kushuka hadi Karongi, yaani Kibuye. Kanisa la mawe limesimama juu ya rasi; humo maelfu waliuawa mwaka 1994, na kumbukumbu yao ipo hapo. Mgeni avue kofia, anyamaze, kisha ndipo ashuke kwenye mashua kwenda kisiwa cha Napoleon, chenye popo wengi. Jioni wavuvi huondoka wakiimba, mitumbwi mitatu ikiwa imeungwa kwa miti, taa zikiwavuta sambaza. Samaki hao hawakuwa wenyeji: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni kitoweo cha nyumba nyingi.

Kusini, baada ya milima ya kahawa ya Nyamasheke, ni Rusizi. Hapo maji ya Kivu hutoka kwa mto kuelekea Tanganyika, na sokoni Kiswahili husikika sana kwa kuwa Bukavu i jirani.

Lakini, ndugu msomaji, uzuri huu una siri. Katika vilindi vya ziwa mna gesi nyingi, iliyobanwa na uzito wa maji. Nchini Kameruni, mwaka 1986, Ziwa Nyos lilitoa gesi ya namna hiyo, na watu wapatao 1,700 wakafa. Kwetu, gesi huvutwa kwa mabomba ili kuzalisha umeme. Mtambo wa Karongi ni mmojawapo unaofanya kazi hiyo. Pande za Goma hewa mbaya hutuama mabondeni karibu na ziwa. Wenyeji huiita mazuku, nayo huua kimya kimya.

Basi mzazi awazuie watoto wasicheze katika mashimo na mabonde ya ufukoni, hasa alfajiri pasipo upepo. Waogelee mahali paliporuhusiwa tu, na asipande mashua yeyote asiyevaa jaketi la kuokolea. Akifuata hayo, familia itarudi Kigali salama, ikiijua nchi yake zaidi.