Unene Huingia Hata kwa Kikombe

Mama mmoja anayeuza vitenge Mtaa wa Congo, Kariakoo, alipanda mizani ya kliniki yetu, akaangalia namba, akashuka, akavua viatu, akapanda tena. Namba haikubadilika. Miezi miwili kabla ya hapo tulimpima presha tukaikuta juu, tukamwomba apunguze uzito. Sasa alikuwa ameongezeka kilo 2. "Sista," aliniambia kwa uchungu, "mimi sili. Wenzangu wakila kwa mama lishe mimi nakaa nawaangalia. Nifanye nini tena?"

Nilimwamini. Sisi wauguzi tuna kosa la kudhani kila mgonjwa mnene anatudanganya. Nilimwomba tu anisimulie siku yake ya jana, si chakula peke yake, bali kila kitu kilichopita mdomoni tangu alfajiri.

Kabla ya kupanda daladala alikunywa chai vikombe 2, kila kimoja vijiko 4 vya sukari, pamoja na vitumbua 3. Saa 4, jua likishaanza kuchoma, soda baridi. Saa 7 wenzake walipoagiza ugali, yeye aliagiza juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Saa 10 soda nyingine. Alipofika nyumbani saa 3 usiku njaa ilikuwa inamtetemesha, akala wali wa nazi sahani iliyojaa, kisha akaongeza.

Tukahesabu pamoja. Soda ya kola ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi, yaani vijiko vya chai 7 au 8. Chupa ya plastiki ya nusu lita hupita hapo sana. Kwa soda 2 ndogo na chai ya asubuhi, mama huyu alikuwa amekunywa vijiko karibu 24 vya sukari, na juisi ya miwa hatujaigusa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayopata mtu kwa siku. Kwa mtu mzima hiyo ni vijiko 12 hivi, na likaongeza kwamba ni bora zaidi isizidi vijiko 6.

Vijiko 24 vinakaribia kalori 400. Sahani ya kiasi ya ugali ina kiasi hicho hicho. Basi ugali alioukataa mchana alikuwa ameunywa, tena bila kushiba, maana kinywaji kitamu hupita tumboni upesi na mwili hauhesabu kama umekula. Ndiyo sababu usiku alikula vya watu wawili.

Tatizo hili si lake peke yake. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta wanawake 22 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ule wa 2015-16 ukakuta 28. Ukitaka kujipima, chukua kilo zako, ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama yetu alikuwa na kilo 84 na urefu wa mita 1.6, jibu lake karibu 33. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa kutibiwa. Habari njema ni kwamba si lazima urudi kwenye umbo la usichana. Kupunguza kilo 5 hadi 10 katika kila 100 ulizo nazo hutosha kushusha presha na kumsaidia mwenye kisukari.

Tulianza na vikombe. Chai ibaki, sukari ishuke kutoka vijiko 4 hadi 3, wiki inayofuata 2, kisha 1. Ulimi huzoea. Kahawa chungu ya wale wazee wenye mabirika ya makaa haina neno. Lenye neno ni kashata inayoandamana nayo. Badala ya juisi, chungwa zima au kipande cha tikiti maji. Badala ya soda, maji. Hapo alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: wanawake wengi sokoni hawanywi maji kwa sababu choo ni cha kulipia na hakuna wa kumwachia biashara. Nikamwambia soda nayo inakwenda chooni vile vile. Tulicheka, lakini shida yake ni ya kweli, na nisingependa mtu amwambie mama wa sokoni "kunywa maji" kana kwamba ni jambo rahisi.

Chakula cha mchana tulimrudishia. Mama lishe ana karibu kila kitu kinachotakiwa: maharage, dagaa, samaki, mchicha, matembele. Agiza ugali nusu, wa dona ukipatikana, mboga mara mbili, na umwombe asikumiminie mafuta ya juu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi, kwa hiyo vitumbua, chapati, sambusa na hiyo chipsi mayai ambayo vijana huiita zege huleta uzito kuliko zinavyoonekana. Tui la nazi liwe la siku moja moja. Aliyekula mchana hufika nyumbani akiwa mtu mwenye akili zake, si simba.

Kuhusu pombe, niseme na akina baba. Bia ya nusu lita ina kalori 200 hivi. Mwili huishughulikia pombe kwanza na kuweka akiba mafuta ya ile nyama choma uliyoagiza nayo, na akiba hiyo hupenda kukaa tumboni. Kitambi si cheo. Lakini pombe humfanya mwingine akonde, na huyo ndiye ninayemhofia zaidi: mbeba mizigo anayetoka kazini, anapitia kwenye gongo, analala bila kula. Mikono inakuwa kama vijiti, miguu inavimba, watu wanasema amepungua. Kupungua huko ni mwili kujila. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asinywe pombe tumbo tupu wala asiruke milo bila kuongea na daktari wake. Sukari inaweza kushuka ghafla akazimia.

Zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa barabarani, nyingi zina majani ya kuharisha. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili; mafuta yanabaki pale pale.

Baada ya miezi minne mama yetu alikuwa amepungua kilo 5 na presha imeshuka. Kisha akapotea kliniki. Aliporudi alikuwa amerudisha kilo 3. Wifi yake alimwambia mbele za watu, "Umekwisha, umepima?" Sokoni wakaanza kunong'ona. Akaona bora presha kuliko maneno, akarudia soda zake.

Msomaji wa umri wangu anajua maneno hayo yametoka wapi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana Kagera. Wenyeji waliuita ugonjwa ule Juliana, na jirani zetu wa Uganda wakauita Slim, yaani wembamba. Nilipoanza uuguzi miaka ya tisini, mtu kukonda ilitosha kumtenga. Lakini tangu 2004 dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure nchini, na wanaozitumia vizuri wana miili kama yako na yangu. Wembamba hauonyeshi nani anaumwa. Kipimo ndicho kinachoonyesha. La kuogopa ni kupungua bila kukusudia, hasa pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi na jasho la usiku, au kiu na kukojoa mara kwa mara. Huyo aje hospitali mapema, apimwe kifua kikuu, sukari na virusi.

Tulimwomba aje na mumewe. Baba yule alisikiliza, akatazama kadi ya presha mwanzo hadi mwisho, akasema wifi atazungumza naye yeye mwenyewe. Sukari ya nyumbani ikahamishwa kutoka mezani kwenda kabatini. Mara ya mwisho mizani ilisoma 80.

Akaniuliza kama kwenye kipaimara cha binti yake anaweza kunywa soda. Nilimwambia anywe moja, tena kwenye chupa yake, asikubali glasi ambayo wahudumu wanapita kuijaza.