Mrushaji Atashuka Lini Kichuguuni?

Juni 22, 2023, mjini Omaha, jimbo la Nebraska, timu mbili za vyuo vikuu vya Marekani ziliwania nafasi ya kucheza fainali ya besiboli. Wake Forest ndio waliokuwa wameorodheshwa wa kwanza kitaifa. LSU, chuo cha Louisiana, walikuwa na Paul Skenes.

Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo, mita 18.44 kutoka pale alipo mpigaji. Skenes alikuwa akirusha kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, na mpira wa namna hiyo humfikia mpigaji kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Katika kufumba na kufumbua huko, mpigaji awe ameshaamua: apige, au auache upite. Hapo pa kufikiria hakuna. Ndiyo maana mrushaji wa kesho husomwa leo.

Mashabiki wengi huanza na wastani wa mikimbio, yaani mabao, anayohesabiwa mrushaji katika kila awamu tisa. Wa Skenes msimu ule ulikuwa 1.69. Ni namba ya kutisha, lakini haimfundishi mpigaji afanye nini. Mimi huanza kwingine. Mpigaji akipata straiki tatu, yaani mipira ya shabaha aliyoikosa au kuiacha ipite, ametoka. Mrushaji naye akikosea shabaha mara nne, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Skenes aliwatoa kwa straiki wapigaji 209, akaivunja rekodi ya ligi yao ya SEC, 202, aliyoiweka Ben McDonald wa LSU hiyo hiyo mwaka 1989. Vituo vya bure alitoa 20 tu. Namba hizo mbili ukiziweka pamoja zinamwambia mpigaji wazi: usisubiri zawadi, haiji. Ukiuachia mpira wa kwanza, umeshapoteza straiki.

Kisha unaangalia anarusha nini, na wakati gani. Silaha kuu za Skenes zilikuwa mbili: mpira wa kasi na slaida, ambao huja kama wa kasi halafu hukata pembeni mwishoni kabisa. Swali la kuandika daftarini ni hili: akikosea shabaha mara mbili mfululizo, anakimbilia upi? Mrushaji aliyebanwa hurudi kwenye mpira anaouamini, na hapo ndipo mpigaji aliyesoma huwa tayari. Rhett Lowder, aliyeanza kwa upande wa Wake Forest, alitaka kusomwa kwa jicho tofauti kabisa. Yeye alisifika kwa mpira uliopunguzwa kasi: mkono unakuja kwa nguvu zilezile, mpira unachelewa, na mpigaji anapiga upepo. Anayempima mrushaji kama huyo kwa rada pekee atamdharau, kisha atajuta.

Ila jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni uchovu. Katika besiboli ya vyuo, mrushaji mkuu kwa kawaida huanza mchezo mmoja kwa wiki. Skenes alikuwa amewarushia Tennessee tarehe 17. Safari hii alipumzika siku nne badala ya sita. Tena, wapigaji wanaokutana na mrushaji yuleyule kwa mara ya tatu katika mchezo huwa wanampiga vizuri zaidi, kwa kuwa macho yameshamzoea. Kwa hiyo mchambuzi hapaswi kuuliza tu kijana huyu ni hodari kiasi gani. Aulize atashuka lini kichuguuni, na nani atapanda baada yake.

Skenes alirusha mipira 120 katika awamu nane, akapigwa mapigo safi mawili tu. Lowder alirusha 88 katika awamu saba, akapigwa matatu. Hakuna aliyeruhusu mkimbio. Katika awamu ya nane Wake Forest, wakiwa na mkimbiaji kituo cha tatu, waliamua kuugusa mpira taratibu ili yeye akimbilie kituo cha nyumbani na kupata mkimbio. Tre' Morgan wa LSU aliuwahi, akautupa nyumbani, mkimbiaji akatolewa. Kwangu mimi uamuzi ule ulikuwa sahihi: walikuwa wamemsoma Skenes, wakajua bao kwa pigo la nguvu ni ndoto. Kilichowaangusha ni mkono wa Morgan.

Awamu ya 11 ilifika warushaji wote wawili wakiwa wameketi. Dylan Crews alifika kituoni, na Tommy White akaupiga mpira ukavuka ukuta wa kushoto. LSU 2, Wake Forest 0.

Mipira ile 120 ilikuwa na gharama yake. Katika michezo mitatu ya fainali dhidi ya Florida, Skenes hakupanda kichuguuni hata mara moja. Mchezo wa pili Florida waliwatandika LSU 24–4. Wa tatu, bila yeye, LSU walishinda 18–4 na kulibeba kombe.