Kifungo cha simba au cha chui?

Mzee mmoja, jirani yetu wa Lac Vert, alikuwa anachimbiwa shimo la choo. Vijana wakatoa ardhini vitu viwili: kifungo cha shaba kilichoshika kutu ya kijani, na pete ya chuma yenye umbo la herufi D. Aliniita mimi kwa kuwa nasoma chuo kikuu.

«Mwanangu, angalia vizuri. Hii kifungo ni ya simba, ya wakati ya Babeleji. Na hii chuma ni ya farasi.»

Babu yake, alisema, alibeba mizigo ya jeshi hadi Tabora. Familia haina karatasi hata moja ya safari ile, na mzee alitaka kifungo kiwe karatasi hiyo.

Dai lake lina msingi. Goma na Gisenyi zilitazamana kama ngome za mpaka. Septemba 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi. Mwaka 1916 Force Publique ilivuka, ikaingia Kigali mwezi Mei na Tabora tarehe 19 Septemba. Nyuma ya askari walitembea maelfu ya wapagazi.

Kabla ya kushika kifungo, sisi wa lugha tushike kwanza maneno. «Kifungo cha simba» kinaweza kuwa kifungo chenye picha ya simba. Kinaweza pia kuwa cha mpiganaji wa Simba, wale waasi wa 1964. (Kifungo cha gerezani tukiache.) Kiunganishi «-a» hakichagui kati ya picha na mwenye mali, na hadithi ikipita vinywa vitatu, maana moja huingia mahali pa nyingine bila mtu kugundua. Nilimuuliza mzee anakusudia ipi. Akanionyesha kwa kidole: picha.

Sikukisugua. Kutu ya kijani ikikwanguliwa huondoka na mchoro. Nilikiosha kwa maji na brashi laini, nikazima taa, nikamulika tochi ya simu kutoka ubavuni ili vivuli vionyeshe mistari. Nyuma kulikuwa na kitanzi cha kushonea. Vifungo vingine huwa na jina la mtengenezaji na mji wake hapo nyuma, na hilo husaidia kuliko picha. Hiki hakikuwa na kitu. Sumaku haikukivuta, kwa hiyo si chuma kilichopakwa rangi.

Sasa uso. Taji lisingetusaidia sana, maana Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza zote zilikuwa falme zenye mataji. Mnyama husema zaidi. Simba ni wa nembo ya Ubelgiji, naye huchorwa na manyoya ya shingo. Huyu wangu hakuwa na manyoya. Alikuwa na masikio ya mviringo na vidoa kwenye paji la uso. Chui. Nembo ya Zaire ilikuwa na kichwa cha chui, na jina la Zaire lilianza 1971.

Pete nayo? Kiswahili kina msamiati mzuri wa farasi: lijamu ya kinywani, hatamu za kumwongoza, kikuku cha kutia mguu, bizimu ya kufungia mkanda. Huku kwetu tunaisikia «hatamu» pale tu mtu anaposhika hatamu za uongozi, na sababu inajulikana: mbung'o na maradhi ya farasi viliwaua wanyama hao. Hata wapanda farasi wa Afrika Kusini waliopigana Tanganyika mwaka 1916 walipoteza farasi wengi mno. Mizigo ilikaa vichwani mwa watu. Lijamu ingetambulika mara moja, kwa chuma chake cha kinywani chenye pete pande mbili. Pete ya D peke yake hufaa mkoba, mshipi, hata kamba ya turubai.

Turubai ndiyo iliyomaliza ubishi. Vijana walikumbuka kwamba chini ya vitu hivyo palikuwa na kipande cha plastiki ya buluu. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Mugunga na Lac Vert, na kambi zilivunjika Novemba 1996. Askari wa Zaire walikuwepo. Kitu kilicholala juu ya plastiki, katika udongo usiochimbuliwa kabla, hakiwezi kuwa kimezikwa 1916. (Wenzangu, mkiona chuma chenye ncha au umbo la chupa, msikiguse. Kiacheni palepale, muwaite wateguaji wa mabomu.)

Kumwambia mzee kulikuwa kugumu kuliko kuosha shaba. Alinyamaza, kisha akauliza: «Basi babu hakwenda?»

Nikamjibu: «Hapana, Mzee. Kifungo hakisemi hivyo. Kinasema tu si chake.»

Akakaa kidogo. Halafu akaanza kutaja vituo vya safari, kimoja baada ya kingine, jinsi baba yake alivyovitaja, na mahali mizigo ilipobadilishwa mabega. Nilitoa simu nikarekodi dakika 40. Kifungo kiko kwenye kopo la nyanya, pamoja na karatasi niliyoandika kina cha shimo, tarehe, na ile plastiki ya buluu.