Siri ya biashara ikiibwa, nani huamua?

Karani wa duka la Gisenyi avuka Grande Barrière na orodha ya wateja, aajiriwe na mshindani Goma. Je, ameiba siri ya biashara? Nchini Marekani jaji aweza kulikabidhi jopo la raia fomu ya maswali: habari hizo zilikuwa siri? Mwenyewe alizilinda? Zilichukuliwa isivyo halali? Hasara ni kiasi gani? "Hapana" moja katika matatu ya mwanzo yatosha kuiangusha kesi.

Rwanda haina jopo. Jaji wa Mahakama ya Biashara huyapima mwenyewe na kuandika sababu. Hata hivyo, Rwanda na Kongo zote zimo katika Shirika la Biashara Duniani, ambalo mkataba wake wa haki miliki hutaka siri iwe na thamani na iwe imelindwa. Daftari lililoachwa wazi kaunta ni vigumu kulitetea.