Ziwa Edouard: Vitshumbi yauliza nani atashika usukani wa uratibu

Huko Vitshumbi, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Goma, ziwa ndilo shamba la wakaaji. Mtumbwi ukirudi mtupu asubuhi, si mvuvi peke yake anayekosa. Mama anayekausha samaki kwa moshi na chumvi hana kazi siku hiyo, mwenye pikipiki anayepeleka mzigo sokoni hana abiria, na karo ya watoto inangoja tena. Ndiyo maana swali linaloonekana kuwa la ofisini, yaani nani apewe uratibu wa miradi ya kulinda Ziwa Edouard, ni swali la sahani ya chakula.

Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,300. Karibu sehemu saba kwa kumi ziko Kongo na zinazobaki ziko Uganda. Mito Rutshuru na Rwindi inaingia upande wa kusini, jirani na Vitshumbi, na maji yanatoka kaskazini, pale Ishango, kwa mto Semliki hadi Ziwa Albert. Samaki haulizi mpaka uko wapi. Tilapia anayezaa kwenye maji mafupi ya upande mmoja anaweza kuvuliwa upande wa pili. Nchi moja ikifunga mazalio na nyingine ikiyaacha wazi, kazi ya ile ya kwanza inapotea bure.

Ugumu wa kukosa uratibu ulionekana wazi Julai 2018, wakati askari wa majini wa Kongo na wale wa Uganda walipopigana risasi juu ya ziwa na watu wakapoteza maisha. Wavuvi Wakongomani wamelalamika miaka mingi kwamba wanakamatwa, na kwamba mitumbwi na nyavu zao zinachukuliwa kwa madai ya kuvuka mpaka. Lakini mpaka huo umechorwa kwenye ramani tu. Usiku, katikati ya maji, hakuna alama inayomwonyesha mvuvi kwamba amefika mwisho wa nchi yake.

Mwaka huohuo wa 2018, serikali za Kinshasa na Kampala zilitia sahihi mapatano ya kusimamia kwa pamoja uvuvi wa maziwa Edouard na Albert. Kabla ya hapo, mradi uitwao LEAF II ulikuwa umekwisha anzishwa, ukipata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Kazi ziligawanywa kwa ngazi. Uratibu wa kikanda ulipewa NELSAP, tawi la Mpango wa Bonde la Nile lenye ofisi yake Kigali. Chini yake kila nchi ikawa na timu yake kupitia wizara inayohusika na uvuvi.

Mgawanyo huo una sababu yake. Mratibu akiwekwa chini ya wizara ya nchi moja, nchi ya pili itasema anapendelea kwao. Shirika linalosimama katikati linaweza kuita pande zote mbili mezani, kuandaa doria za pamoja na kuhakikisha samaki wanahesabiwa kwa njia moja huku na huku. Bila hesabu ya namna moja, ukijumlisha mavuno ya Kongo na ya Uganda unapata tarakimu isiyo na maana, na hakuna anayeweza kusema kwa haki mitumbwi mingapi ziwa linaweza kubeba.

Lakini kuna pengo. Kutoka Kigali, Kampala au Kinshasa hadi kwenye mchanga wa Vitshumbi, njia ni ndefu. Na hapo kijijini wenye amri ni wengi. Vitshumbi, sawa na Kyavinyonge na Nyakakoma, iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, kwa hiyo ICCN ina neno lake. Ushirika wa wavuvi una neno lake, idara ya uvuvi vilevile, askari wa majini vilevile, na machifu wa kimila vilevile. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mvuvi halali anayelipa ushuru kwa huyu anaweza kuulizwa karatasi nyingine na yule, huku mwenye nyavu za matundu madogo akipita usiku na kuvua samaki wachanga kwenye mazalio.

Uganda nayo ina somo lake. Kwa miaka kadhaa usimamizi wa mialo ulikuwa mikononi mwa kamati ambamo wenye mitumbwi, wavuvi wa kibarua na wachuuzi walikaa pamoja. Mwaka 2015 kamati hizo zilisimamishwa kwa kulaumiwa kwamba zinafumbia macho uvuvi haramu, na baadaye jeshi likapewa kazi ya ulinzi. Hapo inaonekana kwamba kumpa mwananchi kiti hakutoshi, kama hakuna anayekagua jinsi anavyokikalia. Na kumnyima kiti kunamfanya aone sheria kama jambo la wengine.

Vita vimeongeza uzito. Machi 2024 waasi wa M23 waliingia Vitshumbi, na Januari 2025 wakachukua Goma, makao makuu ya jimbo. Mapatano yalitiwa sahihi na serikali mbili, lakini sehemu ya ukingo ikawa nje ya mikono ya mojawapo. Mratibu anayetambuliwa Kinshasa anawezaje kuwafikia wavuvi pale? Na anayewafikia ana mamlaka gani ya kuzungumza na Uganda?

Samaki hawatangoji vita viishe ndipo wazae. Kwa hiyo, yeyote atakayepewa kazi hiyo, mambo machache yanahitajika. Ajulikane kwa jina na kwa mipaka ya kazi yake, ili mvuvi aliyenyang'anywa nyavu ajue mlango wa kubisha. Asiwe yule yule anayetoza ushuru na kuhesabu samaki. Mama wauzaji wapate viti, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kuona samaki wakipungua ukubwa kwenye beseni. Na lugha iwe ya watu. Mikataba inaandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, ilhali Mnande wa Vitshumbi na Mkonjo wa Katwe, upande wa Uganda, wanasikilizana bila mkalimani.

Wavuvi wa pande hizo mbili hukutana majini kila usiku. Kinachokosekana ni meza ya kukutania mchana, na mtu mwenye ruhusa ya kuwaita.