Je, Wajua? Makerere ilianza kwa randa na msumeno

Chuo Kikuu cha Makerere, kilicho juu ya kilima jijini Kampala, kilifunguliwa na serikali ya kikoloni mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Wanafunzi walikuwa 14 tu, wote wavulana, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika.

Wasichana waliingia mwaka 1945, sita kwa idadi. Kaulimbiu ya chuo iliyowataka wanafunzi wawe wanaume ikawa haifai tena, ikabadilishwa: "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo." Mabadiliko ya maneno machache, lakini yalikuwa na uzito wake.

Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1963 ikaungana na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kila chuo kilishika njia yake mwaka 1970.

Makerere ndiko Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alikosomea ualimu. Benjamin Mkapa na Mwai Kibaki, waliokuja kuwa marais wa Tanzania na Kenya, nao walipita hapo.

Septemba 2020 moto uliteketeza paa la jengo kuu, lile jeupe lenye mnara wa saa. Limejengwa upya kwa sura ileile ya zamani.